Wasomaji Wanauliza: Njia ya Voisins na Vivuli Vyake

Katika toleo lililopita tulichapisha nakala ya mchoro wa Camille Pissarro uitwao "Entrée du village de Voisins", yaani "Mahali pa Kuingilia Kijiji cha Voisins", alioutengeneza mwaka 1872 kwa rangi za mafuta juu ya turubai lenye kimo cha takriban sentimita 46 na upana wa sentimita 55, na ambao leo umetundikwa katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay mjini Paris. Kwa msomaji ambaye hakuuona, mchoro wenyewe una njia ya udongo inayoingia kijijini, miti myembamba yenye majani machache pande zote mbili, kuta fupi, nyumba kadhaa, gari moja la farasi, na vivuli vya miti vilivyolala kukata njia. Anga ni pana na imetulia. Barua zilizotufikia ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua tano ambazo, kwa pamoja, zimegusa karibu kila lililoulizwa na wengine.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeutazama mchoro huo jioni tatu mfululizo nikitafuta kinachotokea ndani yake, na sijakipata. Hakuna anayegombana, hakuna anayelia, hakuna hata anayenitazama. Naomba nielezwe bila kuzungushwa: kwa nini njia ya kijiji iliyo kimya ihesabiwe kuwa kazi kubwa ya sanaa? – Msomaji asiyeridhika

JIBU: Ndugu msomaji, umeona sawasawa, na wala usidhani kwamba kuna siri iliyofichwa nyuma ya ukuta. Hakuna kinachotokea. Lalamiko lako lingeungwa mkono na wakubwa wa sanaa wa Paris wa wakati ule, kwa kuwa maonyesho rasmi yaliyoitwa Salon yalifuata ngazi ya heshima ambayo juu kabisa ilikuwa na michoro ya historia, ya dini na ya hekaya za kale, huku mandhari ya mashambani yakiwa karibu na ngazi za chini. Mtu aliyechora njia ya udongo na gari la farasi, bila shujaa, bila magofu ya kale na bila dhoruba, alikuwa amechagua jambo ambalo wengi waliliona kuwa mazoezi ya mkono tu.

Hata hivyo, ningekuomba utofautishe mambo mawili: njia iliyokuwa kimya, na mchoro ulio kimya. Njia inaweza kuwa kimya kwa bahati, kwa sababu watu wako mashambani au wamelala. Mchoro hauwi kimya kwa bahati. Mtu ameuketisha hivyo. Njia inayokwenda mbali hulivuta jicho kwa kasi, kwa sababu kingo zake mbili hukaribiana kadiri zinavyoelekea upeo wa macho, na jicho huteleza humo kama maji kwenye mfereji. Pissarro alilijua hilo vyema, na akaweka vizuizi. Vivuli vya miti vinapita mlalo juu ya njia, kimoja baada ya kingine, kama vidato vya ngazi iliyolazwa chini, na kila kimoja kinalilazimisha jicho kupunguza mwendo. Miti yenyewe imesimama wima kama miimo ya mlango, ikikuambia kwamba hapa ndipo unapoingia. Kisha lipo gari la farasi.

Fanya jaribio dogo. Chukua nakala uliyo nayo, ulifunike gari hilo kwa ncha ya kidole gumba, kisha utazame tena. Njia inageuka ghafla kuwa ukumbi mtupu, jicho linakimbilia mwisho wake na kutoka upande wa pili, na ule utulivu uliokuchosha unageuka kuwa upweke. Ondoa kidole, na njia inakuwa tena mahali pa watu. Doa dogo la rangi nyeusinyeusi linabeba uzito wa mchoro mzima, na ninakiri kwamba mimi mwenyewe nilichukua miaka kuligundua, kwa sababu nilikuwa nikitazama anga.

Liko jambo jingine ambalo mchoro hausemi, lakini tarehe yake inalisema. Pissarro alikuwa akiishi Louveciennes, magharibi ya Paris, na Voisins ni kitongoji cha hapo hapo. Vita kati ya Ufaransa na Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati ule, vilipoanza mwaka 1870, alikimbia na familia yake, kwanza hadi kwenye shamba la rafiki yake magharibi mwa Ufaransa, kisha London. Askari wa Prussia waliingia katika nyumba yake na kuitumia. Aliporudi katikati ya mwaka 1871 alikuta kazi zake za karibu miaka 20 zimeharibiwa. Inasimuliwa kwamba kati ya turubai zipatazo 1,500 alizoziacha zilisalia kama 40 tu, na kwamba nyingine zilikuwa zimetandikwa bustanini ili askari wasikanyage tope. Mtu huyo ndiye aliyetoka mwaka uliofuata akasimama kwenye njia ile na kuchora miti, kuta na gari linalotembea. Hakuweka alama hata moja ya vita. Wengine husema kwamba alikuwa akikwepa. Mimi naona alikuwa akihakikisha kwamba njia bado ipo, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kuhamia Pontoise.

SWALI: Mimi hujifunza kuchora, na mwalimu wangu alinifundisha kwamba kivuli hupatikana kwa kuchanganya rangi ya kitu na nyeusi. Katika michoro ya Waimpreshonisti, yaani Pissarro na wenzake, mnayoichapisha, vivuli mara vinakuwa bluu, mara zambarau. Nani amekosea? – Mwanafunzi wa brashi

JIBU: Mwalimu wako amekupa kanuni inayotosha kwa chumba chenye dirisha moja. Tatizo ni kwamba njia ya kijiji haimo chumbani.

Ukiwa nje mchana usio na mawingu, sehemu iliyo kivulini imekingwa jua tu, haikukingwa anga. Mwanga wa anga, ambao ni wa bluu, unaendelea kuiangukia kutoka juu na pembeni. Tandika karatasi nyeupe juani, simamisha fimbo au kalamu juu yake, halafu tazama kwa utulivu rangi ya kivuli kinachoangukia karatasi. Ukiweza kusahau kwa dakika moja kile unachokijua kuhusu vivuli, utaiona bluu. Ikiwa mahali kinapoangukia si karatasi bali ni udongo wa manjano au wa kahawia, rangi mbili hizo zinakutana na kupata kijivu kinachoelekea zambarau au hudhurungi iliyopoa. Kwa hiyo, katika mchoro wa Voisins, usitafute bluu kali. Pissarro wa mwaka 1872 alikuwa bado mtu wa kiasi, na vivuli vyake ni udongo uleule wa njia ulioshushwa mwanga na kupozwa. Mahali pa kuiona bluu waziwazi ni kwenye theluji. Claude Monet alichora "La Pie" katika majira ya baridi ya mwaka 1868 na 1869, mchoro wa uzio uliofunikwa theluji na ndege mmoja wa jamii ya kunguru aliyetua juu ya lango, na kivuli cha uzio ule juu ya theluji ni bluu isiyo na shaka. Salon ya mwaka 1869 iliukataa.

Ipo pia sababu inayotoka ndani ya jicho, si angani. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana hiyo zilikuwa dhaifu, hazina weusi wa kutosha. Akazichunguza na kuona kwamba dawa ya rangi haikuwa na kasoro yoyote. Kilichozidhoofisha ni nyuzi za rangi nyingine zilizofumwa ubavuni mwake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, akionyesha kwamba rangi mbili zikikaa jirani kila moja huisukuma mwenzake kuelekea upande ulio kinyume: karibu na rangi ya machungwa, kijivu huonekana kuwa na ubluu, karibu na manjano, huonekana kuwa na uzambarau. Njia ya Voisins imepigwa na jua na ina manjano ndani yake, hivyo kivuli kilicho kati ya mapande mawili ya mwanga kitaonekana kuwa cha zambarau zaidi hata kama mchoraji hakukitia zambarau nyingi.

Nyeusi yako usiitupe. Jizuie kuitumia kwa mwezi mmoja tu unapochora nje, uchanganye bluu na hudhurungi badala yake, kisha umwonyeshe mwalimu kazi mbili, ya kabla na ya baada, bila kumwambia lolote.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mwanangu wa darasa la sita aliutazama mchoro huo akasema, "Mama, huyu hakumaliza." Nami nilipousogelea niliona kweli watu hawana nyuso na majani ya miti ni madoa tu. Nimjibu nini? – Mama mwenye mtoto mdadisi

JIBU: Marahaba, mama, na mwanao apewe pongezi, maana amesema kwa maneno machache kile ambacho gazeti zima la Paris lilikichekea.

Tarehe 15 Aprili 1874 kundi la wachoraji waliochoshwa na Salon lilifungua maonyesho yake lenyewe katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, mtaa wa boulevard des Capucines. Pissarro alikuwemo, na alipeleka michoro mitano. Mwandishi Louis Leroy wa gazeti la dhihaka la Le Charivari akaandika makala ya mzaha ambamo mchoraji mzee wa mtindo wa zamani anatembezwa ukumbini na kuchanganyikiwa hatua kwa hatua. Mbele ya mchoro wa Pissarro wa shamba lililofunikwa na jalidi, mzee huyo anaambiwa kwamba anachokiona ni matuta ya shamba, naye anajibu kwamba yeye haoni matuta, anaona makwangulio ya ubao wa rangi yaliyobandikwa juu ya turubai chafu. Ni makala hiyo iliyolitwaa neno la jina la mchoro wa Monet, "Impression, soleil levant", na kuwapachika wote jina la Waimpreshonisti. Lilikuwa tusi, nao baadaye wakalivaa.

Sasa jibu la mtoto. Mwambie asimame hatua tano kutoka kwenye nakala, kisha asogee polepole hadi pua ikaribie karatasi. Kwa mbali kuna mtu anayetembea kandokando ya njia. Akikaribia, mtu anavunjika kuwa miguso mitatu au minne ya brashi. Mchoraji alijiuliza swali dogo: nikisimama hapa nilipo, naona nini hasa cha mtu aliye kule? Huoni vifungo vya shati lake. Unaona urefu, weusi wa nguo, namna anavyoegemea upande mmoja. Akimchorea pua na macho, atakuwa amechora anachokijua badala ya anachokiona, na mtu yule ataruka kutoka kijijini na kuja kusimama mbele yetu, na njia nzima itaharibika kwa ajili ya pua moja.

Liko na jambo la wakati. Jua halisubiri, vivuli unavyoviona kwenye njia ile vitakuwa vimesogea na kubadilika urefu kabla saa mbili hazijapita, na anayetaka kuvikamata hana nafasi ya kulainisha kila jani. Kufanya kazi kwa haraka nje kulirahisishwa na kifaa ambacho leo hatukifikirii kabisa, yaani mirija ya bati yenye kifuniko cha kukaza, iliyobuniwa na mchoraji Mmarekani John Goffe Rand na kupewa hataza mwaka 1841. Kabla ya hapo rangi ya mafuta iliyokwisha kusagwa ilihifadhiwa katika vifuko vya kibofu cha nguruwe: unatoboa kwa msumari mdogo, unakamua, unaziba tundu, na ukiwa na bahati mbaya kinapasuka ndani ya sanduku. Kutembea na vifuko hivyo kilomita kadhaa hadi kwenye njia ya kijiji kulikuwa na adha yake. Mirija ilifungwa, ikawekwa mfukoni, ikadumu. Brashi bapa zilizobanwa kwa kikuku cha chuma nazo zilienea katika karne hiyo, na alama zake unaziona: mguso mpana, wa mraba kidogo, ulioachwa kama ulivyoanguka.

Kwa hiyo mjibu mwanao kwamba alimaliza, ila alimaliza kitu kingine, si kile ambacho sisi tulikuwa tukikitarajia. Akiuliza ni kitu gani, mrudishe hatua tano nyuma.

SWALI: Je, mahali hapo pako mpaka leo, na je, Pissarro ndiye pekee aliyepachora? – Mpenda ramani

JIBU: Louveciennes ipo, na Voisins ingali sehemu yake. Katika eneo hilo vimewekwa vibao vyenye nakala za michoro karibu na mahali ambapo wachoraji walisimama, hivyo mpita njia anaweza kulinganisha.

Hakuwa peke yake hata kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1869 Monet alifika kukaa kwa Pissarro, na wote wawili wakatoka kuchora barabara ileile ya Versailles iliyopita mbele ya nyumba, ikiwa na theluji. Alfred Sisley, aliyezaliwa Paris mwaka 1839 kwa wazazi Waingereza na kubaki raia wa Uingereza hadi kifo chake mwaka 1899, alizichora njia za Louveciennes kwa miaka kadhaa. Wake wa mwaka 1873, "Chemin de la Machine", uko Musée d'Orsay pia, na jina lake linatokana na mtambo mkubwa wa Marly uliojengwa wakati wa mfalme Louis XIV kupandisha maji ya mto Seine kuelekea bustani za Versailles. Ukiwaweka Pissarro na Sisley bega kwa bega utaona kwamba Sisley huipa anga kauli ya kwanza, ilhali Pissarro huanza na ardhi. Mimi, nikilazimishwa kuchagua, huchagua ardhi, ingawa najua wengi wataniandikia kunipinga.

SWALI: Ningependa kuunakili mchoro huu kwa mkono wangu, lakini rafiki yangu anasema kunakili ni wizi na hakumfundishi mtu chochote. Mnasemaje? – Anayesitasita

JIBU: Rafiki yako anachanganya kunakili na kughushi. Anayeghushi huweka sahihi ya mwingine ili auze. Anayenakili ili ajifunze huandika wazi kwamba ni nakala na kuiweka nyumbani.

Kuhusu kujifunza, ushahidi uko karibu sana na njia hii. Mwaka 1871 Pissarro alichora turubai kubwa la Louveciennes. Mwaka uliofuata Paul Cézanne, aliyekuwa na umri wa miaka 33 na hakuwa mwanafunzi wa kuanza, aliliazima na kulinakili lote kwa kipimo kidogo zaidi. Hadi wakati huo Cézanne alikuwa akipaka rangi nzito, za giza, nyingine kwa kisu. Kwa kunakili, kisha kwa kuchora bega kwa bega na Pissarro huko Pontoise, aliujaza mkono wake rangi nyepesi na miguso midogo yenye mpangilio, na hakuona haya kukiri deni hilo maisha yake yote.

Nawe ukianza, usianzie kwenye nyumba, ingawa ndizo zitakazokuita. Paka kwanza turubai rangi nyepesi ya mchanga, kwa kuwa wachoraji hawa walipendelea kuanza juu ya weupe au wepesi badala ya hudhurungi nzito ya kale. Weka mstari wa upeo wa macho na kingo mbili za njia. Kisha weka vivuli vyote vinavyokata njia kwa mara moja, ukivipima umbali kati ya kimoja na kingine, maana nafasi hizo hazilingani: za mbele ni pana, za nyuma zinabanana. Miti ifuate, baadaye kuta, baadaye anga kati ya matawi, ambayo utaipaka kama kitu chenye umbo wala si tundu. Gari la farasi liache hadi mwisho kabisa. Wakati huo utajua mwenyewe lina ukubwa gani, kwa kuwa njia itakuwa imekwisha kukuonyesha pengo lake.